Kunywa Maji, Pumzika

“Kahawa yote ya mlima huu nimeichuma mimi! Peke yangu! Vidole vilipokwisha nikachuma kwa meno! Baba yako alikuwepo tu kushika debe! Leo unasimama hapa, mbele ya jua la Mungu, unaniambia unataka kwenda kusomea miti?”

Hivyo ndivyo Mama Yesaya alivyoianza siku, kasimama katikati ya uwanja na ufagio mkononi. Sauti yake ilikuwa imeshavuka ua na kupita kwa majirani wa bondeni. Kama kule chini barabarani Mlowo kulikuwa na dereva wa lori aliyejilaza ndani ya gari lake, basi na yeye aliamka akajua kuna mtoto wa mtu anataka kusomea miti.

“Sio miti, mama. Misitu,” akasema Ferista.

“Miti!”

“Misitu.”

“Kwani msitu ni nini, kama sio miti iliyosimama pamoja haina kazi?”

Mzee Anania, baba mtu, alikuwa ameinamia kichanja anatoa kahawa mbovu kwenye nzuri. Yeye huwa anangoja mkewe achoke ndipo aongee, na kwa sababu mkewe hachoki, watu wengi wa kitongoji kile hawaijui sauti yake. Asubuhi hiyo alikohoa tu. Mkewe akamgeukia.

“Unakohoa nini? Ongea na mwanao! Leo dirisha linafungwa. Felix wa steshenari kasema mwenyewe, leo jioni kompyuta inafunga, asiyeomba chuo atasubiri mwakani. Kapata divisheni wani! Kitongoji kizima hakijawahi kupata divisheni wani, tulichowahi kupata ni surua! Halafu anaenda kuomba miti.”

“Mti ukifa, mama,” Ferista akasema taratibu, “hauachi mtoto.”

Ufagio ukasimama. Ndani ya nyumba, kana kwamba kaitwa, mtoto mchanga akaanza kulia.

Mtoto huyo anaitwa Alinanuswe. Ni wa Yesaya, kaka yake Ferista. Mama yake aliitwa Gloria, na amelala nyuma ya shamba la kahawa, udongo wake bado mwekundu. Bila kumjua Gloria huwezi kuelewa kwa nini binti mwenye akili zake, aliyeitwa Daktari hadi jina lake la ubatizo likaota kutu, anang’ang’ania miti. Na bila kujua alikoutoa huo udaktari huwezi kumwelewa Gloria. Basi tuanze huko.

Ferista alikuwa bado shule ya msingi pale bibi yake, mama yake Anania, alipokatwa na jembe mguuni. Kidonda kikakataa kupona. Mtoto akaambiwa awe anakiosha kwa maji ya chumvi. Akakiosha kila siku akitoka shule, kwa bidii ya mtoto ambaye akimaliza hapo ataambiwa akachote maji. Kidonda kikapona. Inawezekana kilikuwa kimeamua kupona chenyewe, vidonda navyo vina akili zao. Lakini bibi akatangaza kwa wanawake wenzake kanisani kwamba mjukuu wake ana mkono.

Huku mtu akisemwa ana mkono, basi imekwisha. Kuna mwenye mkono wa kupanda, akitia mbegu inaota hata juu ya jiwe. Kuna mwenye mkono wa kuku, vifaranga vyake havifi. Ferista akapewa mkono wa kuponya, na hakuna aliyemuuliza kama anautaka. Alipofaulu kidato cha nne na kupangiwa fizikia, kemia na baiolojia, baba yake alisimama kanisani siku ya shukrani, akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema tangu harusi yake: “Wapendwa, huyu sio mtoto tena. Huyu ni daktari.” Watu wakapiga makofi. Kuanzia Jumapili ile hakukuwa na Ferista, kulikuwa na Daktari.

Na yeye alilipenda, tusimtetee sana. Alikuwa akirudi likizo anatembea taratibu zaidi kuliko wenzake, kama mtu aliyebeba mayai. Ukimwita Ferista hageuki haraka, ukimwita Daktari ameshageuka. Shuleni walimfundisha kuchora kondo la nyuma na mishale yake yote, damu inaingilia huku inatokea kule, na mwalimu alimpa vema kubwa nyekundu. Kupima presha hakuna aliyemfundisha. Sio kazi ya kidato cha sita. Lakini nani kitongojini angejua kidato cha sita kinaishia wapi na udaktari unaanzia wapi?

Alipomaliza mitihani, jina lake halikuitwa jeshini wanakopelekwa wahitimu, akarudi nyumbani kusubiri matokeo. Mavuno ya kahawa yalikuwa yameanza. Wagonjwa nao wakaanza. Walikuja na migongo, na matumbo, na watoto wenye upele. Mmoja alileta mbuzi. Zahanati ipo, lakini zahanati ni kushuka mlima na kukaa kwenye benchi, na kahawa iliyoiva haisubiri mtu akae kwenye benchi. Daktari wa nyumbani unampitia tu na kikapu mgongoni, unamwonyesha ulimi, unaendelea na safari.

Ferista alikuwa na jibu moja, alilosema kwa sauti ya upole aliyoiiga kwa nesi mmoja wa redioni. “Kunywa maji mengi. Pumzika.”

Na walipona! Hiyo ndiyo ilikuwa balaa yenyewe. Magonjwa mengi ya mlima ule wakati wa mavuno ni kiu na uchovu, kwa hiyo binti alikuwa anapatia. Kila aliyepona aliwaambia wengine. Hata mbuzi alipona.

Gloria alikuwa anatoka Ibaba, kule milimani Ileje, kwenye baridi ya kumfanya mtu acheke akiwa amebana meno. Alikuwa anacheka hivyo hivyo hata hapa penye joto. Wifi yake huyu, yaani Ferista, alimpenda kuliko dada ambaye hakuwa naye. Mimba ya kwanza hiyo, imeshakua kubwa, na siku ya kliniki iliangukia siku ya kuchuma. Akasema ataenda wiki ijayo. Wiki ijayo nayo ina kahawa yake.

Siku hiyo alimkuta Ferista anaanua nguo. “Wifi, angalia miguu yangu. Viatu vimenikataa.” Akacheka. “Na hapa usoni nimekuwa kama andazi. Kichwa kinagonga, wifi, tangu jana. Mchana huu nimeona nyota. Nyota mchana, umewahi kusikia?”

Ferista akamwangalia. Neno “sijui” lilikuja, likafika hadi kwenye ulimi. Ni neno fupi, halina uzito, mtoto wa chekechea analibeba. Lakini Gloria alikuwa anamwangalia kwa macho yale ya watu wanaomwangalia Daktari, macho yaliyokwisha kupona kabla hajasema kitu. Binti akalimeza neno lake.

“Ni uchovu wa mimba, wifi. Kunywa maji. Pumzika.”

“Ndaga, wifi yangu,” Gloria akasema, maana kwao asante ni hivyo, akaenda kujilaza.

Jioni Yesaya akapiga simu kutoka Tunduma. Kazi yake ni kusukuma mkokoteni wa mizigo kuvuka mpaka kwenda Nakonde na kurudi, na amewazoea Wazambia hadi mama yake akipiga simu anaitikia “mulishani” kabla hajajua ni nani. Hakumpigia mkewe. Alimpigia dada yake.

“Daktari, mke wangu kaniambia kichwa. Nipande gari nije nimpeleke hospitali?”

“Usipoteze siku yako, kaka. Nimemwona. Yuko sawa.”

“Basi kama umemwona wewe, nimelala.”

Na kweli akalala.

Asubuhi jua likitoka, Gloria alianguka jikoni akaanza kutikisika. Macho juu, meno yamebana, povu. Nyumba ikajaa watu kama ya harusi. Mmoja kaleta kijiko amtie mdomoni, mwingine kaleta kitambaa cha kuchoma anusishwe moshi, mwingine anasema ni kitu cha kwao Ibaba kimemfuata. Wote wakageuka mlangoni kwa pamoja: “Daktari!”

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, kashika kikombe cha maji.

Alikuwa amemletea maji, dawa aliyokuwa amemwandikia yeye mwenyewe. Alisimama nacho hadi mama yake akampiga kikumbo, akaita gari, Noah inayobeba mazao, magunia yakatupwa chini, Gloria akapakiwa. Wakateremka mlima, wakashika lami hadi hospitali. Huko walimkimbiza ndani, wakampasua wakamtoa mtoto. Mtoto alilia. Mama yake hakuamka.

Daktari wa kweli, kijana aliyekuwa na uchovu wa kweli usoni, aliwatokea nje. Akauliza kwa upole kama mgonjwa hakulalamika kichwa, kama hakuvimba uso, kama hakusema anaona vitu machoni. Mama Yesaya akasema vyote hivyo alikuwa navyo.

“Na hamkumleta?”

“Tuna daktari nyumbani, mwanangu,” akasema Mama Yesaya, akilia. “Huyu hapa.”

Akamwonyesha Ferista. Hata pale, kwenye ukuta wa hospitali, machozi yanamtoka, alimwonyesha kwa fahari kidogo. Kijana yule alimwangalia Ferista, akamwangalia kuanzia viatu hadi kilemba. Akarudi ndani.

Ferista hajasahau mlango ule ulivyojifunga wenyewe taratibu.

Kwenye mazishi watu wa Ibaba walikuja na lori. Mke akifia ugenini kwa mumewe, wakwe hawatupi udongo hadi wajibiwe swali lao: mlimfanya nini mtoto wetu? Sio ugomvi, ni utaratibu, ila utaratibu huo umeshavunja vichwa vya watu. Mzee Anania akasimama, akasema ni kifafa cha mimba. Mzee mmoja wa Ibaba akauliza, “Na huyu daktari wenu ambaye marehemu alikuwa akitusimulia kwenye simu, yeye alikuwa wapi?” Vijana wa Ibaba walikuwa wameshasimama.

Hapo ndipo Enoka alipotokea. Enoka anaziba pancha pale Mlowo, na ukoo wake na ukoo wa Anania ni watani tangu mababu. Mtani kwenye msiba hana adabu, na hatakiwi kuwa nayo. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa hadi waweze kumeza mate. Ukimkasirikia, kosa ni lako.

Alikuja kajifunga shuka jeupe kama koti, na shingoni kaning’iniza mpira wa ndani wa baiskeli. Akatembea taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Watu wakaanza kujizuia. Akamwendea yule mzee wa Ibaba, akamwekea ncha ya mpira kifuani, akasikiliza kwa macho yaliyofumbwa.

“Mzee, wewe hali ni mbaya,” akasema kwa sauti ya upole ya redioni. “Kunywa maji. Pumzika.”

Kicheko kimoja kikatoroka. Akaenda kwa mchungaji: “Baba mchungaji, hii ni mimba. Kunywa maji, pumzika.” Sasa watu wanalia wanacheka. Akaenda kwa Anania, kwa wapishi, kwa mbwa. Maji, pumzika. Maji, pumzika. Wale vijana wa Ibaba wakakaa chini wameshika mbavu, na ule ugomvi uliokuwa umesimama ukakaa nao. Mwisho akafika kwenye jeneza. Akaweka mpira wake juu ya ubao. Akasikiliza kwa muda mrefu.

“Huyu wangu,” akasema, “ameshapumzika.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko kile cha msibani, kinachoanzia tumboni na kuishia kwenye kilio. Desturi inataka mtani apozwe kwa chochote, hata ndizi, halafu maisha yaendelee. Wote wakamtazama Ferista, maana yeye ndiye aliyetaniwa. Hakutoa kitu wala hakucheka. Alikuwa anamwangalia Enoka kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mara ya kwanza. Katika watu wote wale waliokuja kusema pole, kazi ya Mungu, mtani peke yake ndiye aliyesema kilichotokea. Na akakisema kama mchezo.

Baada ya hapo Ferista alitafuta mtu atakayemlaumu yeye. Utashangaa kazi ilivyo ngumu. Alimfuata mama yake jikoni: “Mama, mimi ndo nilimwambia apumzike.” Mama yake akasema, “Si kila mtu anaambiwa apumzike, mwanangu? Nipe chumvi.” Alimfuata mchungaji, mchungaji akamwombea. Alimfuata baba yake, baba yake akakohoa. Yesaya aliporudi Tunduma baada ya matanga, alimshika dada yake bega akasema, “Daktari, nitunzie mtoto.” Daktari! Afadhali angemtukana. Tusi linafika, linauma, linapoa. Neno lile halikupoa.

Siku ya chanjo alimbeba Alinanuswe hadi kwenye lango la zahanati. Harufu ya dawa ikamjia, miguu ikakataa. Akamkabidhi mtoto kwa mwanamke mwingine, yeye akabaki nje kashikilia waya wa uzio, jasho linamtoka kama anachota maji kisimani. Akamsikia mtoto akilia sindano. Akatapika kwenye maua ya serikali.

Kisha matokeo yakatoka. Divisheni wani. Mama Yesaya alipiga vigelegele na mtoto mgongoni, hadi mtoto akashtuka. Watu walikuja kupongeza, na wakiwa pale pale, kwa sababu wameshafika, wakaonyesha ndimi zao.

Ferista alimfuata hata Enoka, kule Mlowo, kwenye kibanda chake cha pancha.

“Mtani, ulijuaje kwamba nilimwambia hivyo?”

Enoka alikuwa anatafuta tundu kwenye beseni la maji. Hakuinua macho. “Kujua nini? Na mimi si uliniambia vilevile? Nilikuja na kichwa, ukaniambia ninywe maji. Nikapona.”

“Ulikuwa unaumwa nini?”

“Nilikuwa sinywi maji.”

Mpira ukatoa mapovu, tundu likaonekana. Enoka akalibana kwa kidole, sasa akamwangalia, na mara hii hakuwa mtani.

“Mimi niliutania msiba, mdogo wangu. Wale watoto wa Ibaba walikuwa wanakuja kuvunja vichwa. Ningetania nini kingine? Lakini naona nimekutoboa.”

“Hukunitoboa. Nilikuwa nimeshatoboka.”

“Sasa nikuzibe na nini?” akauliza Enoka, na alionekana kweli anatafuta. Akarudi kwenye beseni lake.

Basi ndipo Ferista akaanza kusema miti. Alikuwa amesikia kuna chuo wanafundisha misitu. Alijiona yuko kwenye mlima usio na watu, kati ya misonobari, na hakuna hata mmoja unaomwonyesha ulimi. Alikuwa analala akiwaza hivyo, ndipo usingizi unakuja. Akiwaza koti jeupe, anauona mlango unajifunga taratibu.

Na ndipo tukafika asubuhi hii ya dirisha kufungwa, ufagio umesimama, mtoto analia ndani.

“Usimtaje Gloria,” Mama Yesaya akasema, sauti imeshuka. “Gloria alichukuliwa na Mungu.”

“Mungu alinikuta nimeshika kikombe, mama.”

“Kwa hiyo ndo unamwadhibu nani? Mimi? Nimewaambia watu wote! Nimemwambia hadi mke wa diwani! Nitapita wapi? Nitachimba handaki nipite chini kwenda kanisani?”

“Hodi jamani,” sauti ikasema langoni.

Alikuwa Babu Boazi, jirani wa bondeni. Alikuwa ameusikia ugomvi wote, na kwa heshima alikuwa amesubiri upungue, lakini alipoona haupungui ameamua kuingia. Alijikokota na fimbo, akakaa kwenye gogo palepale langoni, akaunyoosha mguu wake kukatiza njia. Mguu ulikuwa umevimba, unang’aa kama bomba.

“Daktari, mjukuu wangu, samahani nawakatisha. Malizeni tu kugombana. Lakini huu mguu.”

“Babu, mimi sio daktari.”

“Ndo maana nimekuja kwako. Daktari mwenyewe angenipanga foleni.”

“Babu, nenda hospitali. Leo. Hujasikia yaliyompata wifi yangu?”

“Nimesikia, mbona nilimzika,” akasema Babu Boazi, anashangaa swali. “Lakini yule alikuwa na mimba. Mimi nina mguu.”

Ferista alikaa chini kwenye udongo. Hakujikunja kulia, alikaa tu kama mzigo uliofunguliwa kamba. “Mnaona?” akasema, na haikujulikana anamwambia nani. “Hata nikiua mtu wanakuja. Nikisoma wanakuja, nisiposoma wanakuja. Nikienda huko nikasoma, nikarudi na koti, nikasema tena kitu nisichokijua, nani ataniambia? Mtapiga makofi. Mtazika, mtapiga makofi.”

Mzee Anania akaacha kahawa yake. “Mama,” akamwita, maana ndivyo anavyomwita binti yake. Watu wote wakageuka kwa mshangao, hata Babu Boazi. “Mama, mimi ndiye nilisimama kanisani nikasema.” Akarudi kwenye kichanja chake, lakini mikono haikuchambua tena.

Mlango wa nyumba ukafunguka, Yesaya akatoka na mtoto. Alikuwa amefika jana yake kutoka Tunduma kumwona mwanawe, na tangu asubuhi alikuwa ndani anahangaika na chupa ya maziwa kwa mikono iliyozoea mkokoteni. Alimleta mtoto hadi pale dada yake alipokaa, akachuchumaa mbele yake. Mama Yesaya akafumba mdomo, na hilo ni jambo la kuandikwa.

“Mimi nilikupigia simu,” akasema Yesaya.

Ferista akainua uso. Alikuwa amelingoja neno hilo tangu siku ya kaburi. Alilingoja kama mtu mwenye jino bovu anavyongoja koleo.

“Ndiyo, kaka. Ulinipigia.”

“Nikakuuliza nije.”

“Ukaniuliza.”

“Ukaniambia nisije.”

“Nikakuambia usije.” Machozi sasa yalikuwa yanamtoka, na usoni kulikuwa na kitu kama afadhali. “Sema, kaka. Sema tu.”

Mtoto alikuwa amelishika shati la baba yake kwa vidole vyote.

“Niliona uchungu na wewe,” akasema. “Siwezi kukuficha. Nikisukuma ule mkokoteni kuna siku nakusukuma wewe, nakupeleka ng’ambo nakumwaga. Halafu nikawaza. Kwa nini nilikupigia wewe? Nilikupigia kwa sababu sikuwa na mwingine. Bado sina. Huyu usiku kucha alikuwa wa moto, asubuhi kapoa. Sijui ni tumbo, sijui ni nini, mama anasema upepo. Kesho akichemka tena, na wewe uko kwenye miti yako huko, mimi niko Tunduma, simu iko mkononi. Nampigia nani, Ferista?”

Alimwita Ferista. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili ya kanisani, na jina lenyewe lilitoka kwa shida, kama mlango wa ghala.

Babu Boazi aliacha kuupapasa mguu wake. Ferista alinyoosha mkono, akaweka nyuma ya vidole kwenye paji la uso la mtoto, akauacha hapo. Kila mtu uwanjani alikuwa anamwangalia usoni, kwa macho yale yale.

Akautoa mkono. Akainuka, akajikung’uta udongo kwenye sketi, akaingia ndani. Alitoka na mkoba wake wa shule na viatu miguuni.

“Unaenda Mlowo?” Mama Yesaya akauliza. “Unaenda kwa Felix? Ferista! Unaenda kuomba nini? Niambie mimi mama yako, nijue nimpigie nani vigelegele! Udaktari au miti?”

Langoni mguu wa Babu Boazi ulikuwa bado umekatiza njia. Binti hakuuruka, maana mguu wa mtu mzima haurukwi. Aliuzunguka, akikanyaga kwenye majani, akashika njia ya kuteremka katikati ya mibuni.

“Daktari!” Babu Boazi akamwita. “Na mimi je, ninywe maji?”

Hakugeuka. Waliendelea kukiona kilemba chake juu ya mibuni, kinashuka, kinapotea, kinaonekana tena, hadi pale njia inapogawanyika, moja kwenda barabarani kwa Felix na nyingine kwenda zahanati. Hapo mibuni ni mirefu, na kutoka uwanjani hapaonekani.